Si – Mi – Mi

Jumapili, 26 Oktoba

Sijawahi kumwambia mtu, wala rafiki yangu Waridi, wala padri kwenye kuungama: wimbo wa matoleo waliouimba leo ni wangu.

Wangu! Naandika kwa herufi ndogo kama mbegu za lengalenga, maana kaye hii ni daftari la jiografia na Mama anaweza kuifungua wakati wowote. Wangu mimi, Olga, wa mstari wa nyuma wa alto. Na hili nalo sijamwambia mtu: miaka mitatu sasa siimbi. Nafungua mdomo tu. Tangu siku ile ya zaburi. Nilipanda pale mbele, kanisa lote likangoja, sauti haikuja. Haikuja kabisa! Gédéon, maestro wa korali yetu, akaianza zaburi badala yangu, mimi nikarudi nyuma nikihesabu vigae. Tangu siku ile midomo inacheza, koo linalala. Alto tuko kumi na wanne, nani atajua?

Nilitunga miezi miwili, kichwani, njiani kwenda shule. Nikaandika noti kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nikatia karatasi katika farde, jalada la maestro, wakati wa kupanga nyimbo. Mimi ndiye ninayepanga na kugawa karatasi, kazi ya watu wasiosema.

Gédéon aliikuta, akaisoma, akafikiri ni ya Papa Hippolyte, mpiga kinanda wetu. Nani mwingine hapa Kasongo anatunga hivi? Akamuuliza mbele yetu sote. Papa Hippolyte akaitazama ile karatasi muda mrefu, miwani kwenye ncha ya pua.

— Si mimi, akasema.

Nusura nicheke kwa sauti! Maana siri iko ndani ya siri. Sehemu ya besi, kila mwisho wa ubeti, inakwenda hivi: si – mi – mi. Isome kwa mdomo. Si mimi! Badala ya kutia sahihi nilijikana kwa noti tatu. Besi hawajaona kitu, hawajui solfeji, ile ya kusoma noti kwa majina, Gédéon anawafundisha kwa kusikia tu.

Na leo, walipofika «Pokea, Baba, mikono hii mitupu», vigelegele! Pande zote. Mama alikuwa benchi ya tatu na wamama wenzake, akasimama, akapepea kitambaa. Mama yangu! Kwa wimbo wangu!

Nje watu wakatafuta mtungaji. Ni nani? Ni weye? Wakafika kwa Chadrack, yule tenori mwenye viatu vyenye ncha. Akatazama viatu vyake, akatabasamu.

— Mungu anamutuma yule anayemutaka.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Sasa kila mtu anasema ndiyo kwa niaba yake.


Jumatatu, 27 Oktoba

Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, akiimba wimbo wangu. Mchi unashuka kwenye «Po», unapanda kwenye «kea». Amekosea noti ya nne na bado ni mzuri.

Halafu akampigia Baba simu kule Salamabila. Baba iko kule tangu Pasaka na wachimbaji wa dhahabu, anawauzia nguo. Mama akamuimbia ubeti mzima kwenye simu!

— Unasikia? Ni Chadrack alitunga, mutoto wa Mama Marguerite. Ule mama alizaa, mi nakuambia. Alizaa kweli!

Nilikuwa nachambua maharagwe. Nilitupa mazuri nikabakiza mawe.


Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Wakauimba tena. Baadaye Gédéon akatangaza: Jumapili ya Kristo Mfalme, tarehe 23, korali ya Kabambare inakuja kuimba nasi. Wamesikia habari za wimbo, wanautaka. Atawapa fotokopi arobaini, na juu ya kila karatasi: Mtunzi, ndugu Chadrack.

Wataubeba mpaka Kabambare na jina hilo. Kule watawapa wengine. Karatasi ikishavuka mto mara mbili, nani ataamini kinyume?

Siku ishirini na mbili.


Jumanne, 4 Novemba

Waridi anajua!!

Tulikuwa tunatoka shule. Waridi ni wa familia ya Mzee Assumani, wenye duka karibu na msikiti, tunakaa benchi moja darasani tangu mwaka wa kwanza. Mbele yetu kijana mmoja juu ya baiskeli, amebeba madumu ya mawese, anapiga mluzi: wimbo wangu. Waridi akasimama katikati ya njia.

— Olga. Hii wimbo uliiimba mwezi wa nane.

— Wapi?

— Hapa hapa. Ukifikiri umenyamaza. Weye ukinyamaza unalia kama nyuki kwenye chupa.

Nikasema pengine nilisikia mahali. Akacheka sana.

— Mahali gani? Miye siingii kanisani kwenu, lakini masikio yangu yanaingia. Ilianza kwako.

Nikamwambia. Kila kitu, hata si – mi – mi. Akataka kujua noti inayofuata. Nikasema la, besi inatua kwenye la.

— La? Kwetu nyumbani babu akikataa kitu anasema la! Yaani umesema: si mimi, la! Umejikana mara mbili, maskini ya Mungu!

Tulicheka mpaka mama mmoja wa mandazi akatuuliza kama tuna homa. Halafu Waridi akaacha kucheka. Akaniuliza nitamwambia lini maestro. Nikasema kesho. Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayesema atarudi.


Jumamosi, 8 Novemba

Zamu ya alto kufagia kanisa. Mimi siku zote naomba kufuta kinanda.

Niandike na hili, maana leo siyo siri yangu peke yangu tena. Kinanda chetu ni kile cha zamani cha kukanyaga. Miguu ndiyo inayokipa upepo. Usipokanyaga unaweza kubonyeza meno yake yote, hakuna sauti. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, mwaka wa pili huu. Wenzangu wanafagia huko chini, mimi juu na kitambaa, napiga misa nzima bila upepo. Nasikia yote kichwani. Sijawahi kukanyaga. Hata mara moja.

Leo wenzangu walimaliza mapema wakaenda. Nikapiga wimbo wangu toka mwanzo, kimya kimya, tak tak tak, mbao tu. Nilipomaliza nikasikia mtu anakohoa. Papa Hippolyte! Amekaa benchi ya mwisho, kofia kwenye goti. Tangu lini?

Nikashika kitambaa. Nikafuta jino moja mpaka likaanza kuteleza.

Akaja pole pole, akaegemea kinanda, akazungumza na kinanda, si na mimi.

— Iko panya humu ndani. Nimemusikia siku nyingi. Ni panya wa akili, anadonoa besi yake vizuri. Lakini akifika kwenye «Pokea» anakimbia. Mwambie asikimbie, mama. Pale watu wanatoa kile walicho nacho, hawaharakishi.

Akavaa kofia. Mlangoni akageuka.

— Na umwambie panya: miguu yangu inazeeka.

Nimerudi nyumbani mbio. Lakini si kwa woga tu. Amesema besi ni nzuri! Papa Hippolyte, ambaye watu wa Kasongo wanaoana na kuzikwa kwa nyimbo zake!


Jumatano, 12 Novemba

Nilikwenda kwa Gédéon. Kweli nilikwenda. Alikuwa anapaka chokaa ukuta wake.

— Ndiyo, Olga?

Zaburi ile ile. Koo lile lile. Nikasema nimekuja kuomba kitambaa kipya cha kufutia kinanda. Akanipa shati la zamani.

Waridi amesema: Sasa kinanda kimevaa, weye bado uchi.


Ijumaa, 14 Novemba

Mkono unaenda mbio kuliko biki. Leo mazoezini!

Tulikuwa tumemaliza wimbo wa mwisho. Papa Hippolyte, ambaye hasemi kitu mazoezini, akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

— Maestro, naomba besi kidogo.

— Besi ni zako, Papa.

— Waisome hii kwa solfeji.

Besi wakaanza kulia. Papa, sisi ni watu wa kusikia! Papa, miwani iko nyumbani! Na hawana miwani hata mmoja. Mzee akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SI. MI. MI. Akagonga kila moja kwa kidole. Wakaimba, wanaume tisa, sauti za pipa: siii, mi, mi. Mara ya kwanza, kitu hakuna. Mara ya pili Ruphin, yule fundi wa pikipiki, akasimama.

— Ngoja kwanza. Tunasema nini hapa?

— Si, mi, mi.

— Si mimi?

— Si weye, ni nani basi?

Kicheko kikaanza kwa besi kikafika kwa soprano. Ruphin akamgeukia Chadrack, mikono juu.

— Yaya Chadrack, kaka yangu! Wimbo wako unakukana!

— Ni noti tu, Chadrack akasema. Noti haina maana.

Papa Hippolyte akamuuliza kwa upole kabisa:

— Basi utufundishe. Ile noti ya si pale, ulienda kuitafuta kwa nini? Iko njia nyepesi zaidi.

— Ni… Roho alinituma, Papa.

— Roho alikutuma useme ukweli! Ruphin akapiga kelele.

Watu wakajishika mbavu. Alto wawili walikaa chini. Na mimi? Nilikuwa nacheka na sauti ilitoka. Sauti yangu, kanisani! Nikaifunika kwa mkono.

Lakini ngoja. Gédéon akapiga mkono mezani. Akasema fotokopi zimekwisha kutoka, jina liko juu yake, na Chadrack hajasema si yeye. Kama mwenye wimbo ni mwingine atoke kabla Kabambare hawajaondoka. Asipotoka, jina linabaki. Na asije kulia baadaye.

Wote wakatazamana. Soprano wakatazama tenori, tenori wakatazama besi. Hakuna aliyetazama alto. Hata mmoja! Mstari mzima wa watu kumi na wanne, na hakuna aliyegeuza shingo!

Nilikasirika. Miaka mitatu naogopa, leo nilikasirika. Ni kitu kingine kabisa. Kina joto.


Jumanne, 18 Novemba

Somo la Kifaransa. Mwalimu ameandika sentensi kumi za kukanusha, tuzigeuze kuwa za kukubali. «Enlevez la négation.» Ondoa ukanushi, basi. Kwa Kifaransa kukanusha kunafunga neno pande mbili, ne huku, pas huku, kama mzigo uliofungwa juu ya pikipiki. Kwetu ni «si» moja tu. Silabi moja. Ukiitoa…

Nikaacha kuandika. Waridi akasoma kaye yangu kwa pembeni, akanipiga kiwiko.

— Umeona? akanong'ona.

Nimeona.


Jumamosi, 22 Novemba

Kabambare wamefika! Lori moja na pikipiki sita, vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku ya Mtakatifu Sesilia hasa, msimamizi wa waimbaji. Maestro wao ni Papa Christophe, mfupi, anatembea kama anaongoza mapigo. Kitu cha kwanza aliuliza: mtungaji iko wapi? Chadrack akatoa mkono. Lakini hakutazama uso wa mgeni. Alitazama kinanda.

Fotokopi zilikuwa kwenye farde. Nimezigawa mimi mwenyewe, arobaini, mkono kwa mkono. Jina lake mara arobaini.

Mama anapiga pasi kitenge cha Kristo Mfalme. Ameniuliza kwa nini sili.


Jumapili, 23 Novemba

Saa kumi na moja jioni. Mama iko uani, hajasema neno tangu misa. Naandika haraka.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Waridi alikuwa dirisha la pili kwa nje, kitambaa chake cha njano, amepanda juu ya tofali. Amekuja kutazama tu, alisema.

Matoleo. Wanatembea na ndizi, mihogo, kuku mmoja anayelalamika. Korali mbili pamoja, watu themanini, wimbo wangu! Ubeti wa kwanza, besi zikashuka kwenye si – mi – mi kama ng'ombe wanaoingia mtoni, nikaona Ruphin anajiuma mdomo asicheke. Ubeti wa pili. Halafu, katikati, kinanda kikakata.

Papa Hippolyte amesimama. Amefunga koti lake kifungo kimoja kimoja.

— Miguu imechoka, akasema. Sauti ya kawaida, lakini kanisa lote lilisikia.

Akaenda kukaa benchi ya mbele, kati ya wamama, kama mtu aliyekuja kusali.

Korali ikaendelea bila kinanda, ikaanza kuteleza. Sauti zilikuwa zinashuka, Kabambare wanavuta huku, sisi huku. Gédéon anapiga mapigo na jasho. Akamtazama Chadrack. Mtungaji si anajua kupiga wimbo wake? Chadrack akatazama viatu.

Na benchi ya kinanda tupu. Tupu kabisa.

Sijui nani alinisukuma. Hakuna. Ni mimi nilitoka kwenye mstari wa alto, nikapita mbele ya soprano, wakavuta miguu kunipisha kama wanavyonipisha siku zote wakifikiri naleta karatasi. Nikakaa. Nikaweka mikono. Meno ya kinanda nayajua yote, hata lile lenye ufa.

Miguu ndiyo sikuijua!

Nikakanyaga mbio mno. Kinanda kikatoa sauti ya mbuzi. Kabambare wakacheka, niliwasikia. Nikasimamisha mguu. Ni zaburi tena, nikafikiri, ni siku ile ile. Kisha nikasikia mtu anakohoa benchi ya mbele, kikohozi kile kile cha Jumamosi ile ya panya. Usikimbie, mama. Nikakanyaga pole, kushoto, kulia, kama mtu anayepanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Upepo ukaja. Nikauhisi chini ya vidole, hai! Na wimbo ukatoka.

Mungu wangu. Ulikuwa hivi! Miezi yote hii niliusikia kichwani tu, sikujua ni mkubwa hivi. Korali ikarudi juu yake yote pamoja, kama watu walioona daraja. «Pokea, Baba, mikono hii mitupu» — sikukimbia. Niliwangojea. Hata kuku alinyamaza.

Ubeti wa mwisho. Besi zinakuja mahali pao. Nikawatazama, mimi, nikawatazama wanaume tisa machoni, na kwenye si sikupiga kitu. Nikaacha shimo. Wakafunga midomo pia. Kimya kidogo, pumzi moja. Halafu: mi. Mi.

Ruphin alielewa kwanza. Niliona uso wake unafunguka kama dirisha. Akaziimba kwa noti, siyo kwa maneno: Mi! Mi! Nikarudia. Besi zote: Mi! Mi! Na badala ya kutua kwenye la, pale pa huzuni, nikatua kwenye do. Sikupanga hivyo, mkono ulikwenda wenyewe. Wimbo mzima ukafunguka. Na katikati ya sauti zile niliisikia moja ya alto karibu sana, nikajiuliza ni nani. Ilikuwa yangu. Nilikuwa naimba! Sijui tangu wapi.

Vigelegele havikutaka kwisha. Padri alingoja. Kutoka dirisha la pili mtu alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote, halafu tofali likaanguka.

Baada ya misa Papa Christophe akaja na karatasi yake.

— Mutoto, jina lako?

Watu wamezunguka. Koo. Nikalingoja koo langu, nalo likaja.

— Olga.

— Kwa nguvu, wa Kabambare wako mbali.

— OLGA!

Gédéon mwenyewe akatoa biki, akaanza kufuta jina na kuandika langu, karatasi kwa karatasi. Akasema nilikuja mpaka nyumbani kwake na akanipa shati, atalikumbuka shati hilo maisha yote. Alipofika ya kumi, Chadrack akachukua biki ya pili. Akakaa chini, akafuta jina lake mwenyewe, akaandika Olga, polepole, mwandiko mzuri kuliko wangu. Hakuninyanyulia macho mpaka ya mwisho.

— Olga, akasema chini chini. Si mimi.

— Ndiyo, nikasema. Ni mimi.

Na Papa Hippolyte? Alinipitia tu akielekea nje.

— Pale kwenye do, sikupategemea. Jumapili ijayo njoo mapema, tutazame miguu.

Jumapili ijayo! Kwenye kinanda! Mimi!

Lakini Mama. Wamama walimkumbatia, wakamwambia ulizaa, ulizaa, Ruphin akamweleza si – mi – mi, naye akawa anaitikia kwa kichwa tu. Njiani alitembea mbele yangu, haraka, kitenge kimekunjamana. Nafikiri anahesabu: Jumamosi ngapi nilimwambia naenda kufuta kinanda tu. Anafikiri maneno aliyosema juu ya Mama Marguerite, mbele yangu, na mimi na maharagwe yangu.

Sasa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa pale kwenye kona, mahali mtandao unaposhika. Anampigia Baba. Namsikia upande mmoja tu.

— Allô? Unasikia? … Hapana, si Chadrack. … Nimesema si Chadrack! … Kaa kimya nikuimbie.

Anaimba. Ngoja. Haimbi «Pokea». Anaimba chini, sauti nzito, kama mwanamume. Besi! Nani anaimba besi peke yake? Anaanza kwenye si, anasimama. Anaanza tena bila hiyo.

Mi. Mi.

Simu amekata au imekatika. Ameshuka kwenye kinu. Viatu vyake kwenye changarawe, kisha kwenye saruji, anakuja huku, na kaye iko wazi juu ya magoti na hata jina la jiografia halionekani tena, kawaida ningeshaitia chini ya godoro, mkono umeshaanza kwenda, lakini naurudisha, asome